UZI: Mtoto amepewa risperidoni, nimpe ama niitupe? Wazazi wa Nakuru, Kisumu na magharibi ingieni hapa

Anti_wa_Langalanga

Wazazi wenzangu salamu. Wacha niandike hii kitu mahali pamoja ju kila wiki lazima kuna mzazi ananiuliza swali moja tu, eti daktari amempa mtoto wangu dawa ya wazimu, nimpe ama niitupe. Mimi nalea mtoto wa dada yangu, ako na usonji (autism), ako na miaka tisa, na amekuwa kwa risperidoni muda mzuri sasa, na kwa huo muda nimekaa kwa mabenchi ya kliniki hapa Nakuru na wazazi wengi sana. Kitu inaniuma si dawa yenyewe. Inaniuma kuona mama anatoka kwa chumba cha daktari na karatasi mkononi, hajaambiwa dawa ni ya kupunguza nini, mtoto hajapandishwa kwa mizani, na hakuna mtu amemwambia ni lini watakaa chini waangalie kama inafanya kazi. Anaenda nyumbani kubahatisha.

Tuanze na hizi dawa zenyewe. Zinazuia dopamini kwa ubongo, hiyo kemikali ambayo ikizidi mahali fulani mtu anaanza kusikia na kuona visivyokuwepo. Ya kwanza kabisa ni klopromazini, ile wazee wetu waliita Largactil, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili huko Paris 1952. Haloperidoli ikafuata, halafu baadaye sana ndio zikaja risperidoni, olanzapini, kwetiapini, aripiprazoli. Zote zilianza kama dawa za watu wazima, na watoto wakaongezwa polepole.

Mtoto anaweza kupewa kwa sababu ya skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini visivyo kweli, ambayo kabla ya miaka 13 ni nadra sana, ama baipola, ule wa furaha kupita kiasi halafu huzuni kubwa, ama kama huyu wetu ambaye ni usonji na hasira za kujiumiza. Hapo kwa usonji sikizeni vizuri. Marekani iliruhusu risperidoni 2006 kwa watoto wa miaka 5 hadi 16 na aripiprazoli 2009 kwa miaka 6 hadi 17, lakini waliruhusu kwa ile hasira, kurusha vitu, kujigonga, kujiuma. Hawakuruhusu ati itibu usonji. Kijana wetu alikuwa anajiuma mkono hapa chini ya kidole gumba mpaka ngozi ikakuwa ngumu kama kisigino, na ukimzuia anageukia mkono wako. Sasa hivi ngozi imelainika. Hajaanza kuongea, na hakuna mahali dawa iliahidi ataongea, kuongea tunakusukuma na mwalimu wake na picha na uvumilivu. Kuna utafiti ulifanywa Marekani ukatoka 2002, watoto 101 wa usonji wenye hasira kali, wiki nane, waliopata risperidoni asilimia 69 walipata nafuu kubwa na waliopata kidonge tupu ni asilimia 12. Hiyo ni tofauti kubwa na sitadanganya mtu ati haisaidii.

Lakini uzito jamani. Mtoto anamaliza ugali yake, anamaliza ya kwako, anarudi kwa sufuria kukwaruza, na si tabia mbaya, ni dawa inafungua njaa. Utafiti mwingine wa 2009 wa watoto na vijana zaidi ya 250 ambao hawakuwa wametumia hizi dawa mbeleni, ndani ya karibu wiki 11 wa olanzapini walikuwa wameongeza wastani wa kilo 8.5, kwetiapini 6.1, risperidoni 5.3, aripiprazoli 4.4, na wale hawakutumia dawa hata nusu kilo hawakufikisha. Kwa hivyo kabla ya kidonge cha kwanza mtoto apimwe uzito, urefu, presha, sukari asubuhi kabla ya chai, na mafuta ya damu kama mfuko unaruhusu, halafu irudiwe baada ya miezi kama mitatu hivi na iendelee. Mizani iko kwa dispensari nyingi. Hata kama hospitali ina foleni mpaka barabarani, simama uombe mtoto apandishwe kwa mizani na iandikwe.

Kitu kingine cha nyumbani ni kukata vidonge. Lebo ya risperidoni kwa watoto wa usonji inaanza na miligramu 0.5 kwa siku kwa mtoto wa kilo 20 na zaidi, chini ya hapo 0.25. Sasa mkebe unaopata kwa kemisti mara nyingi ni wa miligramu 2, inabidi ukate mara nne. Mimi hukata na wembe mpya juu ya sahani nyeupe ndio vumbi ionekane, robo moja inatoka kubwa ingine inatoka ndogo, na kwa mtoto mdogo hiyo tofauti si kidogo. Ulizia ya miligramu 1 ama ya maji kabla ukubali ya 2. Na ukipata ya maji, usimwekee kwa chai wala kola, haipatani nazo, weka kwa maji ama juisi ya machungwa.

Haya, ongezeni.

Baba_Busia

Anti heshima zako, lakini mimi nitasema kinyume. Hizi dawa ni za kunyamazisha watoto. Kuna kijana wa jirani yangu alikuwa mtundu tu, anakimbia kimbia, hasikii mwalimu, wakampeleka mahali akaandikiwa haloperidoli. Saa hii anakaa kwa kiti mate yanadondoka, mama anasema ametulia. Huyo ametulia ama amezimwa? Na hao wazungu wenyewe si walishtaki kampuni ya hiyo risperidoni? Sisi tunaletewa vitu wao wamekataa.

Anti_wa_Langalanga

Baba Busia asante kwa kusema wazi, na sehemu kubwa nakubaliana na wewe. Ya kampuni ni kweli kabisa. Novemba 2013 Johnson & Johnson ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.2 kumaliza kesi na serikali ya Marekani, ilikuwa Risperdal, jina la dukani la risperidoni, na dawa zingine mbili, na kwa Risperdal moja ya malalamiko ilikuwa kuisukuma kwa watoto wakati haikuwa imeruhusiwa kwa mtoto yeyote. Na 2011 wakaguzi wa serikali yao waliangalia majimbo matano wakapata watoto wanaolelewa na serikali wanapewa dawa za akili mara 2.7 hadi 4.5 zaidi ya watoto wengine walio kwa bima hiyo hiyo ya Medicaid. Mtoto hana mzazi wa kuuliza maswali, anaongezewa kidonge. Nikifikiria manyumba ya watoto tuko nayo hapa Nakuru mpaka Naivasha, hiyo ripoti hainitoki kichwani.

Lakini hawajaikataa. Bado wanaitumia, na huko huko ndio wameandika masharti ya kuitumia vizuri. Ya huyo kijana wa jirani, mtoto wa kukimbia kimbia na kutosikia mwalimu haloperidoli si dawa ya kuanzia hata kidogo. Kama ni ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kumakinika, kuna dawa zake tofauti, na kabla ya dawa kuna kazi ya wazazi na shule. Mimi ningekuwa huyo mama ningerudi niulize, ni ugonjwa gani mmeandika kwa faili ya mtoto wangu? Na hayo mate yanaweza kuwa dalili dozi imezidi mwili wake, asingoje kliniki ya mwezi ujao.

Tafadhali tu mwambie asikatize ghafla. Ikikatwa siku moja mwili unaweza kuleta misukosuko, kutapika, kukosa usingizi, mdomo na mikono kucheza yenyewe, na ugonjwa ukirudi unarudi na hasira. Inapunguzwa polepole na anayeiandika.

Nesi_Kisumu

Niko kwa kazi hii ya wodi na kliniki ya afya ya akili miaka mingi, huku Kisumu. Naongeza mambo ya hatari maana Anti ameshika ya nyumbani vizuri.

La kwanza, shingo. Mtoto ameanza haloperidoli, siku chache tu, jioni moja shingo inapinda upande, macho yanapanda juu yanakwama huko, ulimi unatoka, taya inafungana. Nimewapokea wengi na karibu wote wamepitia kwa maombi kwanza ju familia imeamini pepo limejibu. Mimi pia ni mtu wa maombi sana, ombeni mkiwa kwa boda mkija. Hiyo ni misuli imeshikwa na dawa, wavulana na vijana ndio hupatwa zaidi, na kuna sindano ya kulegeza, kabla hata mama hajamaliza kueleza mtoto ameanza kugeuza shingo. Baadaye daktari anapunguza dozi, anabadilisha dawa ama anaongeza Artane, kidonge cha kuzuia misuli isishikwe hivyo. Ikishika koo mtoto anaweza kushindwa kupumua kwa hivyo msiseme tutaona asubuhi.

La pili linahusu sisi watu wa ziwa kuliko watu wote. Huku kwetu homa ni malaria mpaka ithibitishwe vingine, na ni sawa, pimeni malaria. Lakini mtoto aliye kwa hizi dawa akipata joto kali sana, mwili umekakamaa kama amewekwa simenti, jasho jingi, amechanganyikiwa, hiyo inaweza kuwa dawa yenyewe imemgeuka. Ni nadra lakini inaua. Ukifika kwa zahanati sema kabla hujakaa, "huyu anatumia risperidoni" ama haloperidoli, taja jina, onyesha mkebe. Usipotaja atawekewa dripu ya malaria na hiyo dawa aendelee kumezeshwa, wakati kitu cha kwanza ni kuisimamisha na kumkimbiza hospitali kubwa. Na akipatikana na malaria kweli, mwambie anayeandika Coartem pia, maana hizo pamoja na baadhi ya dawa za akili zote zinaweza kugusa mapigo ya moyo. Si ati asitibiwe malaria, atibiwe, ila ajue anachanganya na nini.

La tatu, ligeuze upande wa pili. Mtoto alikuwa mzima wiki iliyopita, leo anaongea na ukuta, hatambui watu. Huyo si wa kupelekewa dawa za akili kwanza. Pimeni malaria, maana ikipanda kwa ubongo inaanza hivyo hivyo, angalia homa ya uti wa mgongo, angalia sukari, uliza kifafa, uliza kama amekula ama kunusa kitu. Saikosisi, yaani kusikia na kuamini visivyokuwepo, kwa mtoto mara nyingi inatambaa polepole kwa miezi, anajitenga, masomo yanashuka, anaacha kuoga. Ikija kwa siku moja na homa, tafuta kwa mwili kwanza.

Ah, na kifafa. Watoto wengi huku wanatumia kabamazepini, ile Tegretol. Inashusha nguvu ya risperidoni kwa damu, unaweza kudhani dawa haifanyi kazi ukaongezewa bure. Klopromazini nayo inaweza kuamsha degedege. Taja dawa zote, hata za mitishamba.

Kijana_Kondele

Nimesoma yote nikaona mnaongea kuhusu sisi na hakuna mmoja wetu hapa. Mimi nilianza hizi dawa nikiwa kidato cha pili, nilikuwa nasikia sauti mbili zinanijadili kila kitu nafanya, mpaka nikifunga kamba za viatu. Niliwekwa kwa haloperidoli hospitali fulani. Sauti zilipungua, hiyo ni ukweli na nashukuru. Lakini kuna kitu ilinifanyia, miguu haikutulia. Sikuwa naeza kaa. Nakaa nasimama, nakaa nasimama, usiku natembea kutoka mlango hadi dirisha, ndani ya mifupa unasikia kama kuna kitu inakusukuma. Nikaambia watu wa wodi nikaambiwa natafuta attention, wakaandika nimezidi kuwa na fujo, dozi ikapandishwa. Ikawa mbaya zaidi. Nilifika mahali nilitaka kufa, si ju ya sauti, ju ya hiyo miguu.

Klinikal ofisa mwingine ndio aliniangalia kwa kiti kidogo tu akaniuliza, hii kutotulia ilianza kabla ya dawa ama baada? Swali moja hilo tu. Dozi ikashushwa, nikapewa propranololi, ile ya presha, baadaye nikahamishwa dawa. Saa hii niko kwa olanzapini kidogo usiku, nafanya kazi, nacheza mpira Jumamosi. Wazazi, mtoto akisema ndani yake hapatulii mwamini. Na asiyeongea kama huyo wa Anti angalieni miguu yake.

Anti_wa_Langalanga

Kijana, Mungu akubariki kwa kuandika hii. Nimeisoma mara mbili. Huyu wetu hawezi kuniambia, kwa hivyo mimi huandika kwa daftari: amelala saa ngapi, amekula nini, amejiuma ama hapana, miguu. Kuanzia leo mstari wa miguu nautilia alama kubwa.

Mama_Njoro

Mimi niulize ya aibu kidogo. Mwanangu wa kiume ako na 13, kwa risperidoni, ameanza kuota matiti. Watoto wanamcheka shuleni, hataki kuvua shati hata nyumbani. Ni kunenepa ama ni nini? Na binti wa rafiki yangu hedhi imepotea miezi, wakamshuku ana mimba wakampiga maskini.

Nesi_Kisumu

Mama Njoro hakuna aibu hapo. Risperidoni hupandisha prolaktini, ile homoni ya maziwa. Kwa mvulana kifua kinavimba, kwa msichana hedhi inasimama na wengine hata maziwa yanatoka. Mpeleke, damu ipimwe prolaktini kama inapatikana, na daktari aamue kushusha dozi ama kuhamisha kwa aripiprazoli ambayo haipandishi hivyo. Usingoje, kifua kikikaa muda mrefu hivyo kurudi ni kazi. Na huyo binti, semeni na wazazi wake leo leo, anaumizwa kwa kosa si lake. Kupima mimba ni sawa ju anayeandika dawa pia anahitaji kujua, kumpiga hapana.

Ticha_Kakamega

Mimi ni mwalimu wa bodingi huku Kakamega. Tuko na msichana fomu thrii amerudi kutoka kwa matibabu na olanzapini. Analala darasani asubuhi mpaka walimu wengine wanamwita mvivu, na dawa iko kwa matroni ambaye anampa ile saa anapata nafasi. Ametoka likizo nguo za shule hazimtoshi, wenzake wanaongea. Shule ifanye nini hasa? Sitaki aache dawa na sitaki aache shule.

Nesi_Kisumu

Mwalimu umeuliza swali ambalo shule nyingi haziulizi. Olanzapini inapewa usiku, saa ile ile kila siku, karibu na kulala, na si baada ya prepu ya mwisho usiku sana ndio usingizi usiingie kwa asubuhi. Kama amepewa pia asubuhi, mzazi aulize kliniki kama yote inaweza kwenda usiku. Matroni awe na karatasi ya kuweka sahihi kila siku, na amwone akimeza, maana wasichana wengi wakiona uzito wanaanza kuzitema, halafu mkishangaa amerudi wodi. Uzito si kitu cha kupuuza kwa msichana wa 16, wapeleke ujumbe kliniki, kuna kubadilisha dawa na kuna wanaoongezewa metfomini, ile dawa ya kisukari. Jikoni mpunguzieni zile mandazi na chai ya sukari nyingi, mpeni mboga na maharagwe zaidi, na asiachwe nje ya michezo. Jua la saa saba likiwaka awe na maji, hasa kama ako na Artane pia, mwili wake haupoi vizuri.

Anti_wa_Langalanga

Na Mwalimu, tafuta sare ya saizi yake bila kutangaza. Hiyo peke yake itamfanya ameze dawa.

Baba_Busia

Nimesoma yote mpaka hapa. Sasa wacha niseme kilichonileta ukweli. Binti yangu ako na miaka kumi. Nyanya yake aliyemlea alifariki, na tangu hapo anasema usiku anamsikia akimwita jina. Haogopi, anamjibu tu. Shuleni anafanya vizuri, anakula, anacheza. Mtu wa duka la dawa hapa mjini ameniambia ninunue haloperidoli nimpe nusu. Ndio maana nilikuja na ukali.

Nesi_Kisumu

Baba, usinunue. Pole sana kwa msiba. Mtoto wa miaka kumi aliyefiwa na aliyemlea kusikia sauti yake usiku, na anacheza, anakula, anasoma, hiyo mara nyingi ni majonzi na si skizofrenia. Watoto wengi husikia sauti kipindi fulani na zinaisha zenyewe. Anahitaji mtu wa kuongea naye kuhusu nyanya, msimkataze kumtaja. Hizi si dawa za kuuzwa na mtu ambaye hajamwona mtoto. Ila mlete aonwe na mtu wa afya ya akili, hospitali ya kaunti yenu kwanza, na wakihitaji kumtuma mbele kuna Jaramogi hapa Kisumu, ile mnaita Russia, ama Moi Eldoret. Kama sauti zitaanza kumwamrisha kufanya vitu, ama zimtishe, ama aache kula, kulala na kucheza, ama akose kuelewa masomo aliyokuwa anaelewa, usingoje tarehe.

Baba_Busia

Asante dada. Nikienda nibebe nini?

Anti_wa_Langalanga

Kitabu cha kliniki alichopimwa nacho akiwa mdogo kama bado kiko, ripoti ya shule ya muhula huu, karatasi ya malaria kama alipimwa karibuni, namba ya SHA, ile bima ya afya ya serikali. Andika kwa karatasi sauti zilianza lini na zinasema nini kwa maneno yake mwenyewe, usimsemee. Akiitwa, muombe daktari aongee naye kidogo peke yake. Na ukiandikiwa kidonge chochote, kabla mlango ufungwe uliza ni cha nini, tutajuaje kimesaidia, na tunarudi lini kuamua kama anaendelea. Utuambie hapa mmefika wapi.